Gharama za ziada za kuagiza gari huepukwa kabla ya kulipia, si bandarini

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwananchi anayeagiza gari lililotumika kutoka nje ya nchi kwa kawaida huandaa mafungu mawili ya fedha: la kumlipa muuzaji na la kulipia kodi. Mara nyingi fungu la pili hukadiriwa kwa maelezo ya jirani aliyeagiza gari la aina hiyo hiyo miaka michache iliyopita. Gari linapofika Bandari ya Dar es Salaam ndipo inapobainika kuwa fedha hazitoshi. Wakati mwenye gari anahangaika kutafuta nyongeza, gari linaendelea kukaa bandarini, na tozo ya kuhifadhi mzigo inaendelea kuhesabiwa.

Kodi ni wajibu wa kisheria na haikwepeki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama zinazowashtua waagizaji hutokana na mambo ambayo yangeweza kuhakikiwa kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji. Mambo hayo ni umri wa gari, thamani yake, ukaguzi na muda.

Umri huhesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa

Gari dogo la abiria lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake, yaani bei ya ununuzi pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Hufuata ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo na ada nyingine zilizowekwa kisheria.

Juu ya hayo, upo ushuru wa bidhaa unaotokana na uchakavu. Gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lenye umri unaozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Umri huo huhesabiwa kuanzia mwaka gari lilipotengenezwa, si mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Cheti cha kusafirisha gari kinachotolewa Japani huonesha tarehe ya usajili wa kwanza. Gari lililosajiliwa huko mwezi Januari au Februari linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka uliotangulia. Mnunuzi anayetegemea tarehe ya usajili peke yake anaweza kuamini kuwa gari lina miaka 7, kumbe kwa mujibu wa sheria limetimiza miaka 8.

Tuchukue mfano wa gari lenye thamani ya shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000, na jumla inakuwa shilingi 12,500,000. Iwapo gari limeingia katika kundi la miaka 8 hadi 10, asilimia 15 ya jumla hiyo ni shilingi 1,875,000. Kwa kuwa Kodi ya Ongezeko la Thamani hukokotolewa pia juu ya ushuru huo, huongezeka shilingi 337,500. Tofauti ya mwaka mmoja katika umri imegharimu shilingi 2,212,500. Kwa gari la thamani hiyo hiyo lililozidi miaka 10, nyongeza ni mara mbili, yaani shilingi 4,425,000. Hivyo, gari kuukuu linalouzwa kwa bei nafuu kidogo huweza kuwa ghali zaidi likishalipiwa kodi.

Mnunuzi anashauriwa kumtaka muuzaji athibitishe kwa maandishi mwaka wa kutengenezwa kwa kutumia namba ya chesisi. Azingatie pia kwamba gari linalonunuliwa Novemba au Desemba huenda likafika baada ya mwaka mpya kuanza, likiwa limeongezeka umri.

Thamani haiamuliwi na ankara peke yake

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imeweka katika tovuti yake kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Mwananchi hujaza aina ya gari, toleo, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, kisha huoneshwa makadirio ya kodi. Makadirio hayo ndiyo yanayopaswa kuongoza bajeti, kwa sababu bei ya mnada wa ng'ambo inaweza kuwa chini ya thamani ambayo forodha itaitumia kutoza kodi.

Baadhi ya wauzaji hujitolea kuandika bei ndogo katika ankara wakidai kumsaidia mteja. Msaada huo ni hatari. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola za Marekani 10,000 kwa anayetoa tamko la uongo la forodha. Aidha, kodi iliyolipwa pungufu inaweza kudaiwa ndani ya kipindi cha miaka 5, hata kama gari liliruhusiwa kutoka bandarini.

Ukaguzi uulizwe mapema

Magari yaliyotumika hukaguliwa ubora na usalama chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Utaratibu wa mahali pa kukagulia umewahi kubadilika. Mwaka 2021, kwa mfano, TBS ilianza kukagua magari hayo hapa nchini baada ya kuwasili, badala ya kutegemea mawakala walioko nje. Kwa sababu hiyo, maelezo ya mtu aliyeagiza gari zamani hayatoshi. Kabla ya gari kupakiwa melini, mnunuzi aulize TBS kama gari linalotoka nchi husika linapaswa kukaguliwa huko au hapa, na cheti kipi kinatakiwa.

Muda nao ni fedha

Sheria hiyo ya forodha inataka tamko la mzigo unaoingia kwa meli liwasilishwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Mzigo usiotolewa kwa wakati huweza kupelekwa katika ghala la forodha na hatimaye kuuzwa kwa mnada wa hadhara baada ya tangazo. Mwananchi aliyejinyima kwa miaka kununua gari anaweza kulipoteza kwa kukosa karatasi moja.

Si lazima kusubiri meli ifike. Mwagizaji mwenye Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) anaweza, kupitia wakala wa forodha mwenye leseni, kuwasilisha nyaraka mapema. Hati ya shehena, ankara na cheti cha kusafirisha gari zioneshe jina moja la mwagizaji na namba moja ya chesisi. Kosa la herufi moja hurekebishwa kirahisi muuzaji akiwa bado hajapakia gari. Likigunduliwa bandarini, siku za kulirekebisha hulipiwa.

Viwango vya kodi navyo huweza kubadilika kila tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Gari linaloagizwa Mei na kutolewa tamko Julai hutozwa kwa viwango vipya.

Mipaka ya nchi kavu

Wanaoingia kupitia Namanga, Sirari, Mutukula, Tunduma na mipaka mingine wakiwa na magari ya namba za kigeni hupewa vibali vya muda. Kibali hicho si ruhusa ya kuuza. Anayenunua gari la aina hiyo bila kodi kulipwa huhatarisha fedha zake, kwa kuwa gari linaweza kutaifishwa. Kabla ya kumlipa muuzaji, mnunuzi afike ofisi ya forodha kuthibitisha hadhi ya gari.

Kwa Watanzania wanaorejea nyumbani moja kwa moja, sheria inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja ambalo mhusika amelimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya meli. Gari lililonunuliwa wiki chache kabla ya kurejea halitimizi sharti hilo. Anayetarajia msamaha huo atunze kadi ya usajili na bima zenye jina lake, na aulize TRA masharti mengine kabla ya kusafirisha gari.