Lokandu: tuweke chemchemi zetu kwenye karte

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wa kambi, karte ya inchi yetu iko. Cadastre minier imeikata vipande vya carré, kila carré karibu hektari 85, na mwenye permi anajua chake. Lakini karte ile ni ya permi, si ya maji. Chemchemi ambayo mama anateka kila asubuhi haimo.

Basi sisi wa sendika tulishika njia na simu zetu, kutoka ukingo wa Lualaba mpaka kwenye mashimo. Wengi wanafikiri bila rezo na bila mega simu haiwezi kitu. Hapana. Mahali ulipo simu inapajua kwa satelaiti, na programu kama OsmAnd inaweka alama hata porini. Chini ya miti mikubwa inakosea mita kadhaa. Unasogea penye uwazi, unangoja kidogo, ndipo unaandika. Tuliandika chemchemi, visima, vyoo, mashimo, na mahali pa kuosha kasiterite. Kwa kila chemchemi tuliuliza wamama (wanaume walikuwa wanajibu mbele yao, tukawaomba wangoje): toka Juni mpaka Agosti inakauka? Mvua kubwa ikinyesha, maji yanakuwa na rangi gani?

Tunauliza juu mvua haifuati tena kalenda ya wazee. Mwanzoni mwa 2024 mto Kongo, ule ule tunaouita Lualaba, ulipanda kule Kinshasa kimo kisichoonekana tangu 1961. Mto ukijaa, maji yanaingia vyooni, kisha visimani. Kiangazi kikiwa kirefu, wote tunakimbilia chemchemi moja. Kipindupindu kinapita njia zote mbili. Kule London, mwaka 1854, daktari John Snow alifuata wafu wa kipindupindu nyumba kwa nyumba, akaona wengi wamezunguka pompa moja ya Broad Street. Mkono wa pompa ukaondolewa, na baadaye akaweka wafu hao kwenye ramani. Na hakuwa na satelaiti.

Kilichotuumiza ni alama moja. Mahali pa kuoshea pa wenzetu, wanachama wa sendika, pako juu ya chemchemi ya kambi. Tumezoea kulaumu makampuni. Safari hii tope lilikuwa letu. Tulikaa jioni mbili. Mmoja akasema: “Mkitutoa hapa, watoto watakula karte?” Swali ni la haki. Wengi wamekubali kushuka chini ya chemchemi. Wawili bado wanaosha pale pale, na hatukuwafukuza.

Sasa karte tunaipeleka kwa wakubwa wa ETD yetu. Code minier iliyorekebishwa 2018 inaipa ETD 15% ya redevance minière. Tunaomba pesa hizo zijenge kwanza zile chemchemi za mlimani, ambazo mto haufiki na kiangazi hazikauki. Mahali zilipo tumeshaandika. Jumatatu asubuhi tutakuwa mlangoni pao, na wamama watatangulia.