Itoe simu dukani, uipime juani

Duka la simu pale Kariakoo huwa na taa nyeupe dari zima, na chini ya taa hizo hakuna kioo kibaya. Ukitaka kujua simu ya bei kubwa imekupa nini, mwombe muuzaji usogee nayo hadi mlangoni, saa saba mchana, uishike vile unavyoishika unaposoma ujumbe wa pesa ulizotumiwa.

Nachukua mfano wa Galaxy S24 Ultra, ambayo Samsung waliizindua Januari 2024 kwa karibu dola 1,300 huko Marekani. Nimeichagua kwa sababu ubora wake mkubwa kuliko wote hauonekani dukani.

Tangazo linakuambia kioo chake cha inchi 6.8 kinafika niti 2,600. Niti hupima mwanga unaotoka kwenye kioo, na hizo 2,600 ni kilele, si mwanga utakaokaa nao mchana kutwa. Kinachotusumbua sisi wa jua la utosi hasa ni mwanga unaogonga kioo na kurudi machoni. Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokipiga. Ni kidogo kwa hesabu, lakini asilimia 4 ya jua la Dar es Salaam yatosha kukuonyesha sura yako pale ulipotaka kusoma. Kioo cha mbele cha simu hii, Gorilla Armor kutoka Corning, kinapunguza mwako huo kwa hadi asilimia 75, kwa maelezo ya watengenezaji. Ile 4 inashuka kuelekea 1. Simu nyingine hupambana na jua kwa kuongeza mwanga tu, na mwanga unakula chaji na kuichemsha simu, kisha simu iliyochemka inajipunguzia mwanga yenyewe. Kioo kisichorudisha mwanga hakidai chaji yoyote.

Sasa fikiria kinachofuata ukishalipa. Muuzaji anakubandikia protekta ya kawaida, na uso wa juu unakuwa tena kioo cha kawaida, chenye mwako uleule. Sifa uliyoilipia imefunikwa kabla hujatoka mlangoni. Anayeogopa michirizi atafute protekta iliyotengenezwa kuzuia mwako, au aache kabisa. Mimi ningeacha.

Umbo halinichukulii muda. Fremu ni ya titaniamu, na wengi huamini kuwa titaniamu maana yake ni wepesi. Ni nyepesi kuliko chuma cha pua, kweli, lakini ni nzito kuliko alumini, na S23 Ultra iliyotangulia ilikuwa ya alumini. Ndiyo maana uzito haukubadilika sana: gramu 232. Ulichoongezewa ni ugumu wa kingo, na hizo nazo zitaingia ndani ya kava.

Kamera kuu ina megapikseli 200, ila picha ya kawaida hutoka na 12, kwa kuwa simu huunganisha nukta 16 kuwa moja ili kukusanya mwanga zaidi. Basi usiikadirie kwa namba hiyo. Mpige picha rafiki yako mwenye ngozi nyeusi akiwa amelipa dirisha mgongo, kisha umpige jioni chini ya taa ya njano. Tazama kama uso umebaki na rangi yake, au umefifishwa ukawa kijivu. Kamera isiyojua nyuso zetu haijakamilika, hata ikivuta mwezi karibu.

Betri ndiyo inayonikosesha raha. Ni ya mAh 5,000, kiasi kilekile cha S20 Ultra ya 2020, na siku ya kazi inaimaliza vizuri. Lakini Samsung wameahidi kuisasisha programu ya simu hii kwa miaka 7, na betri ya lithiamu haizeeki kwa ahadi. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unataka betri za simu mpya zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku hufika huko katika miaka miwili na ushee, na joto huharakisha: simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari ikichajiwa huzeeka upesi kuliko ya mezani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizia bei mbili: ya kubadilisha kioo, na ya kubadilisha betri halisi. Muulize fundi pia kama ana gundi ya kufungia mgongo upya, kwa sababu mgongo wa simu hii hubanduliwa kwa kupashwa moto, na usiporudishwa ipasavyo, ule uwezo wa kuzuia maji, IP68, unabaki kwenye maandishi ya boksi.