Kukariri mstari hakutoshi majaribu yanapobisha hodi

WAKRISTO wengi humu nchini wanapopatwa na msiba, maradhi au ukosefu wa kazi, jambo la kwanza wanalolikimbilia ni Biblia. Mstari mmoja hubandikwa ukutani, mwingine hutumwa kwa simu kwa jamaa aliyelazwa hospitalini, na mwingine hurudiwa kimoyomoyo na karani anayeshawishiwa kupokea hongo. Ni desturi njema. Hata hivyo, Maandiko yenyewe yanaonya, tena katika kisa kinachojulikana na kila mtoto wa Shule ya Jumapili, kwamba mstari huweza kutumiwa na mtu mwenye nia mbaya.

Kisa hicho kimo katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, na pia katika Luka. Baada ya kubatizwa, Yesu alifunga nyikani siku 40, akaona njaa. Mshawishi alimtaka kwanza ageuze mawe yawe mkate, kisha ajitupe kutoka juu ya hekalu, na hatimaye amsujudie ili apewe falme zote za dunia. Mara zote tatu Yesu alijibu kwa maneno ya kitabu kimoja tu, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8.

Jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka ni kuwa Shetani naye alinukuu Maandiko. Pale juu ya hekalu alitumia Zaburi ya 91, ile ile ambayo familia nyingi huisoma usiku zikiomba ulinzi. Hakubuni neno, ila aliacha kile kipande kinachosema kuwa malaika humlinda mtu katika njia zake zote, akaigeuza ahadi ya ulinzi kuwa kisingizio cha kujitia hatarini. Yesu hakuikana zaburi hiyo; aliipima kwa andiko jingine linalokataza kumjaribu Mungu. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya kulitegemea Neno na kulivaa kama hirizi.

Hata jibu lake kuhusu mkate hutolewa mara nyingi nje ya muktadha wake. Sura ya 8 ya Kumbukumbu la Torati inawakumbusha Waisraeli kuwa Mungu aliwaacha waone njaa jangwani, kisha akawalisha mana. Andiko hilo halidharau chakula. Linaeleza ni nani anayekitoa. Isitoshe, majaribu yalipokwisha, malaika walikuja kumhudumia Yesu.

Kenya ililipia gharama kubwa kwa kutozingatia jambo hilo. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ikiwemo ya watoto. Upande wa mashtaka ulieleza kuwa waumini walihimizwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na washtakiwa wenzake walikanusha mashtaka. Lakini ukweli wa uamuzi wowote wa mahakama kando, hakuna mfungo wa nyikani katika Injili unaoishia kaburini.

Lugha nayo huleta utata. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, neno majaribu hubeba maana mbili: ushawishi wa kutenda dhambi, na dhiki inayompata mja bila kosa lake. Wakatoliki, katika Sala ya Bwana, husema kishawishi, neno ambalo linaelekea zaidi maana ya kwanza. Waraka wa Yakobo, sura ya 1, unagusa zote mbili: unawataka waumini wavumilie dhiki kwa furaha, kisha unakataa katakata kuwa Mungu humshawishi mtu kutenda uovu.

Mkanganyiko huu huonekana sana matangani. Mfiwa huambiwa kuwa Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na msemaji hudhani ananukuu Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10. Lakini pale Paulo anazungumzia ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko, na ahadi anayoitoa ni ya njia ya kuuepuka ushawishi huo. Hakuandika kuhusu mjane aliyeachiwa watoto na madeni. Mjane huyo anaposomewa mstari huo huenda akaona haya kulia, ilhali Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro.

Imani ya namna hii, ambayo haigombani na chakula, machozi wala dawa, ndiyo aliyokuwa nayo Paulo. Timotheo, kijana aliyemlea katika utumishi, alipokuwa akiugua mara kwa mara, mtume huyo hakumwandikia aongeze mfungo. Alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na miongoni mwa wenzake Paulo, kama Waraka kwa Wakolosai unavyotaja, alikuwemo Luka, tabibu.