Mgeni Naye Huweka Sahani Mezani

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema hivyo kwa kuwa mgeni ni mganga. Mgeni akija, kuku huchinjwa, nazi hukunwa, na hata mwenyeji aliyekuwa akishindia mihogo siku hiyo hula vizuri. Wiki hii napenda tuutazame msemo huo kwa upande wa mwenzetu anayeishi nchi za watu. Yeye ndiye mgeni. Je, wenyeji wake wanapona nini?

Mtu akifika Ulaya kwa masomo au kwa kazi, miezi ya mwanzo kazi yake kubwa ni kupokea. Anaonyeshwa njia, anaazimwa koti, anafundishwa kukata tikiti ya treni, anaalikwa chakula. Yote hayo ni wema. Lakini anayepokea kila siku, mwisho husinyaa na kujiona mzigo. Nilipokuwa nikisoma Hamburg, Ujerumani, niliona jinsi mambo yalivyobadilika kwa wanafunzi wenzangu wa kigeni siku walipoweka sahani ya kwao juu ya meza ya jiko la pamoja na kusema, "Karibuni." Tangu siku hiyo nao walikuwa wenyeji. Ndiyo maana nasema kwamba pakiti ya ubuyu ndani ya begi si anasa wala utoto.

Basi tuanze na hilo begi, kwani si kila kitu huvuka forodha. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingia na nyama, wala maziwa na vitokanavyo na maziwa, kwa kuhofia maradhi ya mifugo kama vile ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa hiyo nyama ya kukausha na kopo la samli viache nyumbani. Tangu Desemba 2019, matunda mabichi nayo yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe la shangazi halimo. Samaki ana nafuu: dagaa wakavu hupita, mradi samaki wote uliobeba wasizidi kilo 20. Nchi nyingine zina sheria zao, na sheria hubadilika. Uliza kabla ya kufunga begi, na ukifika forodhani sema kweli.

Vinavyosafiri vizuri ni vikavu: korosho za Mtwara, kashata, iliki, majani ya chai, na ubuyu. Halua nayo haiharibiki upesi, ila hupikwa kwa samli au kwa mafuta. Msafiri achague ya mafuta, asijipatie maswali.

Jambo la pili ni afya ya unayemkaribisha. Wako watu ambao karanga moja au korosho moja huwavimbisha koo na kuwakata pumzi, na wengine hufa. Si madeko hayo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula vinavyojulikana kwa madhara hayo, ambavyo ni vya aina 14, vitajwe waziwazi kwenye vifurushi vinavyouzwa. Karanga, korosho, lozi, ufuta na samaki vimo. Sasa kashata aliyokufungia mama haina maandishi. Maandishi yake ni wewe. Taja kilichomo kabla mtu hajanyoosha mkono, na akisema hapana, usimbembeleze kama tunavyobembelezana kwetu. Mpe kingine.

Tatu, eleza namna ya kula. Mgeni wa ubuyu akiachwa peke yake atatafuna mbegu na kuumia jino. Mwambie kwamba unamung'unya ule unga wenye sukari na pilipili, kisha mbegu unaitema. Mwambie pia unatoka kwenye tunda la mbuyu, ule mti mnene anaouona kwenye picha. Huenda akakushangaza kwa kusema anaujua, kwani Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula mwaka 2008. Halua nayo usiitoe tupu. Wajerumani wana desturi ya kukaa alasiri kwa kahawa na keki. Weka halua mahali pa keki, chemsha kahawa chungu, na hapo hutahitaji maelezo marefu. Dagaa ndio wenye kutaka busara: harufu yao ni tamu kwetu, lakini jiko la pamoja ni la watu wote. Fungua madirisha, na waarifu wenzako mapema.

Usishtuke pia ukiona zawadi yako inafunguliwa papo hapo mbele yako. Wengi wetu huiweka kando mpaka mgeni aondoke, tusionekane wenye pupa. Wao, kuifungua mbele yako ndiyo heshima, ili uione furaha yao.

Kwetu pwani, mwezi wa Ramadhani, sahani ya futari iliyopelekwa kwa jirani hairudi tupu. Desturi hii Ulaya haikuandikwa popote, lakini nimeiona ikifanya kazi: jirani aliyepewa kashata Jumatatu hugonga mlango Jumapili na kipande cha keki aliyooka mwenyewe. Na hata asipogonga, usihesabu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi wiki hii, punguza shati moja. Pale penye shati weka pakiti mbili za ubuyu: moja ya kuliwaza moyo wako usiku wa baridi, na ya pili ya kufungulia milango ya watu. Kwa leo ni hayo. Nakutakia wiki njema.