Michoro iliyofukiwa Fort Jesus: funzo kwa wenye nyumba Mji wa Kale

Wakaazi wengi wa Mombasa wamewahi kuingia Fort Jesus, wakiwa wanafunzi au wakiwasindikiza wageni. Wengi hutazama mizinga na bahari, kisha hutoka. Ni wachache wanaosimama mbele ya lipu ya kale yenye michoro ya meli na majengo, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Michoro hiyo iliachwa ukutani na Wareno waliolinda ngome katika karne ya 17.

Ilisahaulikaje?

Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Kila mtawala aliyefuata alijenga juu ya kazi ya mwenzake, na sehemu za zamani zikafukiwa. Waingereza waliigeuza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Jela ilipofungwa, Wakfu wa Calouste Gulbenkian wenye makao yake Lisbon, Ureno, ulitoa fedha za kuikarabati ngome. Mwanaakiolojia Mwingereza, James Kirkman, alisimamia uchimbaji, na mwaka 1960 ngome ikafunguliwa kama makumbusho. Uchimbaji huo ndio ulioitoa michoro gizani. Mwaka 2011, UNESCO iliiorodhesha Fort Jesus kuwa Turathi ya Dunia.

Fedha na baadhi ya wataalamu walitoka ng'ambo, lakini kilichookolewa kimebaki Mombasa, na sisi ndio walinzi wake.

Kuhifadhi si kupaka upya

Wengi hudhani kurejesha mchoro wa kale ni kuuchora tena ili ung'ae. Sivyo. Mstari mpya ukiongezwa, mtazamaji hawezi tena kujua lipi aliliacha mchoraji wa kwanza na lipi limeongezwa na fundi wa leo. Kazi ya mhifadhi ni kuizuia lipu isibomoke, kuondoa uchafu taratibu na kuukinga ukuta dhidi ya maji.

Adui mkubwa pwani ni unyevu wenye chumvi. Kuta zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya maji, na chokaa huyaruhusu kutoka. Ukipiga lipu ya simiti juu yake, unyevu hukosa njia. Chumvi hujikusanya ndani, hugeuka chembe ngumu na kuisukuma lipu hadi ipasuke. Ndiyo maana ukuta uliodumu miaka mingi huanza kumenyeka muda mfupi baada ya "kukarabatiwa".

Hasara si ya nyumba pekee. Michoro ya meli iliyokwaruzwa kwenye lipu imepatikana pia katika magofu ya Gedi na Takwa. Huenda mingine ingali chini ya rangi katika nyumba za watu. Fundi akiikwangua kwa nusu saa, hakuna mfadhili wa nchi yoyote atakayeirudisha.

Ukikuta mchoro au maandishi ya kale

1. Simamisha kazi sehemu hiyo. Usikwangue wala usioshe kwa maji au sabuni.
2. Piga picha ya mchoro wenyewe na ya ukuta mzima.
3. Toa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, Fort Jesus. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua atoe taarifa ndani ya siku saba.
4. Kwa ukarabati wowote Mji wa Kale, pata ushauri wa ofisi ya uhifadhi kabla ya fundi kuanza, na umwambie atumie chokaa.

Kwa mujibu wa Katiba, minara ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa, nayo kaunti ina jukumu la shughuli za utamaduni na mipango ya ujenzi. Lakini anayeuona ukuta kabla ya yeyote kati yao ni mwenye nyumba na fundi wake.

Ukizuru Fort Jesus tena, waonyeshe watoto michoro hiyo. Wasiiguse, jasho la mikono nalo lina chumvi.