Mukebe wa tomati na bati ya kwetu

Leo tuongee juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba iko nacho: mukebe wa tomati. Wengi wanafikiri ni bati tupu, ile tulifundishwa shuleni kwa jina la eteni. Hapana. Mukebe ni chuma. Bati ni ngozi tu, ndani na inje, na mara nyingi haifikie hata mikroni mbili, ni kusema sehemu mbili kwa elfu za milimita moja.

Zamani walichovya bamba la chuma ndani ya bati iliyoyeyuka. Iliwezekana juu bati inayeyuka kwa digrii 232, kumbe chuma kinaomba karibu 1500. Leo viwanda vinatumia umeme: bamba linapita ndani ya maji yenye chumvi ya bati, umeme unaibandika. Hivi bati kidogo inatosha, maana bei yake iko juu.

Inje ya mukebe, bati ni koti tu. Ukikwaruza, chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Manjanja ya nyumba ni tofauti: zinki yake inakubali kulika kwanza ili chuma kipone. Lakini ndani ya mukebe uliofungwa mambo yanageuka. Oksijeni karibu hakuna, na asidi ya tomati inafanya bati ndiyo ilike kwanza, polepole sana, chuma kibaki salama. Ukishafungua, hewa inaingia na bati inayeyuka haraka zaidi. Kwa hiyo mama akisema tomati iliyobaki imiminwe ndani ya bakuli, ana haki. Mukebe uliovimba, tupa.

Sasa tujiangalie. Kasiterite, jiwe la bati, inatoka kwetu: Walikale, Kalima, Manono. Mgodi wa Bisie uko kati ya ile yenye bati nyingi zaidi ndani ya mwamba duniani kote. Lakini mzigo mwingi unavuka mupaka ungali mchanga, unayeyushwa kwa wengine, na sisi tunanunua mukebe.

Je, haiwezekani hapa? Wakati wa ukoloni, Manono waliyeyusha bati palepale, kwa umeme wa Piana Mwanga. Digrii 232 si mlima, ila kutoa bati ndani ya jiwe kunaomba moto mukali kupita hapo, usiku na mchana. Wahandisi tuko nao. Kabla ya kudai kiwanda, tudai umeme.