Mate badala ya mkojo: Kipimo kipya cha dawa za kulevya kazini

KWA miaka mingi, mfanyakazi aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hatumii dawa za kulevya alikabidhiwa kikopo na kuelekezwa chooni. Sasa, katika nchi kadhaa, kikopo hicho kinaachia nafasi kijiti chenye pamba kinachowekwa mdomoni kwa dakika chache. Badiliko hilo linagusa swali zito: mwajiri ana haki ya kujua kiasi gani kuhusu maisha ya mwajiriwa wake?

Upimaji kazini ulishika kasi nchini Marekani baada ya ajali za miaka ya 1980. Januari 4, 1987, injini za kampuni ya Conrail zilipita ishara ya kusimama huko Chase, Maryland, na kuingia katika njia ya treni ya abiria ya Amtrak. Watu 16 walikufa. Uchunguzi ulibaini kuwa dereva wa injini hizo alikuwa amevuta bangi. Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa uchukuzi wenye dhamana ya usalama wa watu, na mkojo ndio uliotumika kupima dawa hizo.

Hata hivyo, mkojo una kasoro. Kwa upande wa bangi, kipimo hakitafuti kilevi chenyewe bali masalia yake baada ya kusagwa na mwili. Masalia hayo huweza kuonekana kwa siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata kwa wiki kadhaa. Aliyevuta Jumamosi usiku anaweza kukutwa na hatia Jumatano akiwa timamu kabisa. Kinyume chake, aliyevuta muda mfupi kabla ya kuingia kazini anaweza kupita, kwa kuwa masalia hayajafika kwenye mkojo.

Mate hubeba kilevi chenyewe, ambacho kwa kawaida huonekana mapema na kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili hivi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozua mgogoro nchini Australia kati ya kampuni ya umeme ya Endeavour Energy na vyama vya wafanyakazi. Pande zote zilikubali kuwa upimaji ni wa lazima kwa usalama. Kampuni ilitaka mkojo, vyama vikataka mate. Mwaka 2012 baraza la masuala ya kazi, Fair Work Australia, liliamua kuwa mate yatumike, kwa hoja kwamba mkojo ungeweza kumwadhibu mtu kwa jambo alilolifanya siku za nyuma akiwa nje ya kazi, lisiloathiri tena utendaji wake.

Marekani nayo iliruhusu mate katika sekta ya uchukuzi kwa kanuni iliyoanza kutumika Juni 1, 2023. Kwa utaratibu huo, mdomo hukaguliwa kwanza, kisha mfanyakazi husubiri dakika 10 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara. Sampuli hugawanywa mara mbili, ili anayepinga majibu aweze kuomba ya pili ipimwe katika maabara nyingine. Kwa kuwa kazi yote hufanyika mbele ya mkusanyaji, ni vigumu kubadilisha sampuli, na hakuna anayelazimika kuvua nguo.

Pamoja na hayo, mate si mwarobaini. Tofauti na kipimo cha pumzi kwa pombe, hayaonyeshi mtu amelewa kiasi gani. Kwa wavutaji wa muda mrefu, chembe za bangi huweza kubaki mdomoni zaidi ya siku moja. Bangi na baadhi ya vilevi vingine pia hukausha mdomo, hivyo sampuli huweza kukosekana. Aidha, dawa halali za hospitali kama kodeini zinaweza kuleta majibu ya kutia shaka.

Kwa sababu hiyo, majibu ya kifaa cha papo hapo hayatoshi kumfukuza mtu kazi. Yanapaswa kuthibitishwa maabara, na daktari amsikilize mhusika kuhusu dawa anazotumia kabla ya uamuzi kutolewa. Bila hatua hizo, kipimo kilichokusudiwa kulinda maisha ya watu kinaweza kumnyima riziki mtu asiye na kosa.